Upinde wa Mti au Upinde wa Roda?

Mtoto wa kaka yangu anaishi Columbus, Ohio, na mwaka juzi alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Dakika nne za mwanzo zilikuwa za salamu na kuulizia hali za watu, kama inavyostahiki. Swali lilikuja mwishoni: "Ami, wenzangu wa kazini wanakwenda kuwinda kulungu kwa upinde msimu ukifunguliwa, na wamenialika. Wote wana pinde za roda, zile zenye magurudumu. Mimi dukani nimeshika upinde wa mti mtupu, moyo ukaupenda. Nichukue upi?"

Aliniuliza mimi kwa sababu mbili. Nimesomesha fizikia skuli kwa miaka mingi, na babu yetu wa Makunduchi alikuwa msasi. Hiyo ya pili haikuwa na uzito wowote, kwani babu hakuwahi kuua kitu kwa upinde. Usasi wa Unguja ni wa mbwa, mikuki na nyavu: watu wanakizunguka kichaka, mbwa wanaingizwa, nguruwe anatoka mbio upande alikosimama mwenye mkuki. Upinde kwetu ni mchezo wa watoto, ufito wa mkole na mshale wa ubua. Ikabaki fizikia, nami nikadhani inatosha.

Nilianza na mizani. Fundi mmoja jirani alinichongea upinde wa mkole wa kimo changu, nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza pweza wa mtaani. Upinde nikaufunga kwenye nguzo ya banda, ndoana ya mizani nikaitia kwenye ugwe, ile kamba ya upinde, nikawa navuta taratibu huku mjukuu wangu akisoma namba na kuziandika ukutani kwa chaki. Sentimita 10, kilo 3. Sentimita 20, kilo 6. Sentimita 30, kilo 9. Sentimita 40, kilo 12. Sentimita 50, kilo 16, na hapo mti ukaanza kulia nikauachia.

Namba zile za chaki ndizo tabia yote ya upinde wa mti. Kila unapouvuta unazidi kuwa mzito, na unafika kilele cha uzito pale pale unapotakiwa utulie, uzuie pumzi, ulenge. Hata ile kilo moja ya ziada mwishoni ina maana: mikono ya upinde ikishapindika sana, ugwe hauna tena pembe nzuri ya kuivuta, na uzito unarundikana. Madukani uzito huu hupimwa ugwe ukiwa umevutwa kiasi cha inchi 28, na huandikwa kwa paundi, ratili kama tulivyokuwa tukiita zamani. Ukinunua upinde wa ratili 45, basi kilo 20 zitakaa kwenye vidole vyako vitatu kila unapolenga. Kulungu akikatisha nyuma ya mti nawe umeshavuta, unaanza kuhesabu sekunde, na mkono unaanza kutetemeka kabla hajatoka upande wa pili.

Katika jamii hii ya mti wamo ndugu wawili ambao mpwa wangu alikuwa akiwachanganya. Mmoja ni ule mrefu wa moja kwa moja, mara nyingi unazidi sentimita 160. Mwengine ni ule ambao ncha zake zimepindishwa kuelekea mbele, mbali na mpigaji. Zile ncha hufanya kazi ya wenzo mdogo: zinafunguka mwishoni mwa mvuto, kwa hivyo upinde mfupi unaweza kuhifadhi nguvu nyingi bila ya kurundika uzito. Ndio unaotumika kwenye Olimpiki tangu upigaji mishale uliporudishwa mwaka 1972. Siku hizi nyingi zinaunganishwa mbao na nyuzi za kioo, lakini msingi ni ule ule: ugwe mmoja, mikono miwili, na mwili wako.

Upinde wa roda ni mdogo wa umri. Mmarekani mmoja wa Missouri, Holless Wilbur Allen, alikata ncha za upinde wa kawaida, akafunga roda mahali pake, na mwaka 1966 akaomba hataza. Akaipata 1969. Mtu yeyote aliyewahi kutweka tanga la jahazi ataelewa nusu ya uvumbuzi wake papo hapo. Foromali, ule mti unaobeba tanga, haipandishwi kwa kuvutwa kamba moja kwa moja. Jarari, kamba ya kupandishia, inapita kwenye gofia, yaani roda za jahazi, mabaharia wanavuta kamba ndefu kwa nguvu ndogo, na mti ule mzito unapanda kidogo kidogo. Kamba za upinde wa roda zinafanya hivyo hivyo, na ndiyo maana mikono yake inaweza kuwa mifupi na migumu kiasi ambacho huwezi kuipinda kwa mikono mitupu.

Nusu ya pili ndiyo yenye ujanja, na jahazi haina. Roda za upinde huu hazikutobolewa katikati. Zina umbo la yai au maharage, na ekseli imepita pembeni. Unapovuta, ugwe unafunguka kutoka kwenye mfuo mmoja huku kamba nyengine zikijizungusha kwenye mfuo wa pili, na kwa kuwa roda si duara, urefu wa wenzo unabadilika kadiri inavyozunguka. Mwanzo unafanya kazi nzito. Roda ikishageuka vya kutosha, wenzo unakuwa upande wako, na uzito unaporomoka.

Maneno hayo nilikuwa nimeyasoma, lakini sikuyaamini mpaka nilipokwenda kumtembelea yule kijana na akanichukua uwanja wa shabaha. Upinde wa rafiki yake ulikuwa wa ratili 60, yaani kilo 27. Nilivuta, mabega yakakataa, nikavuta tena kwa hasira ya mzee anayetazamwa na vijana. Ilikuwa kama kusukuma mkokoteni juu ya tuta. Ghafla nikavuka mgongo wa tuta, na mkononi mwangu pakabaki kitu kama kilo 5. Ahueni hiyo, kama ninavyopenda kuiita, kwenye pinde za leo ni kati ya asilimia 65 na 90. Ule ulikuwa wa asilimia 80. Nikasimama pale, nikachungulia kwenye kitundu kilichofungwa katikati ya ugwe, nikaona pini ya shabaha imetulia juu ya doa jeusi, nikapata muda wa kupumua na hata wa kufikiri chakula cha mchana. Kisha kidole kikaanza kwenda kwenye kifyatuo. Kijana akanidaka mkono. Nilikuwa sijaweka mshale.

Alinidaka kwa sababu nguvu yote iliyomo mikononi mwa upinde lazima ipokewe na kitu. Mshale ukiwepo, unaichukua na kwenda nayo. Usipokuwepo, nguvu inarudi kwenye mikono, roda na kamba zenyewe, na upinde wa roda unaweza kuvunjika hapo hapo usoni mwako. Wa mti nao haupendi kufyatuliwa mtupu, ila wa roda hauna msamaha.

Turudi kwenye chaki. Nguvu unayoweka ndani ya upinde ni jumla ya zile namba zote, tangu sentimita ya kwanza mpaka ya mwisho. Ukizichora, za upinde wa mti zinafanya pembetatu, zinapanda mpaka ncha. Za roda zinapanda upesi, zinakaa juu kama uwanja wa tambarare, kisha zinaanguka. Tambarare ina eneo kubwa kuliko pembetatu, ndiyo sababu mtu yule yule, kwa mkono ule ule, anarusha mshale wa kasi zaidi. Upinde wa mti wa kuwindia hutoa mshale kwa mita 45 hadi 60 kwa sekunde. Wa roda ni 80 hadi 100.

Watu wengi husikia kasi wakafikiri nguvu ya kupenya. Penye kasi mimi naona kosa la macho. Chukua mita 55 kwa sekunde kwa wa mti na 90 kwa wa roda. Mnyama akiwa mita 20, mshale wa kwanza umeshuka kiasi cha sentimita 65 njiani, wa pili sentimita 24. Hilo halina tabu ikiwa unajua kwa hakika kwamba ni mita 20, maana utainua mkono. Lakini msituni hakuna alama chini. Ukidhani ni mita 20 na kumbe ni 25, mshale wa mti utapiga sentimita 20 chini ya ulipokusudia, na wa roda chini ya sentimita 8. Moyo na mapafu ya kulungu vinakaa katika duara la ukubwa wa sahani ya wali. Kosa la sentimita 8 bado limo ndani ya sahani. La sentimita 20 ni mguu uliovunjika, na mnyama anayekwenda kufa mbali na wewe.

Halafu kuna sauti. Ugwe ukiachiwa unalia, na sauti inakwenda mita 340 kwa sekunde, yaani inaushinda mshale wowote. Kwenye mita 20 kulungu anausikia baada ya sehemu sita za mia za sekunde. Mshale wa roda unafika katika 22 za mia, wa mti katika 36. Mnyama aliyeshtuka huinama kwanza ili ajirushe, na kule kuinama kunatosha kuupitisha mshale juu ya mgongo wake. Upinde wa mti una sauti ndogo zaidi, hilo ni jambo lake jema, lakini halifidii muda wote ule. Ndiyo maana wanaotumia mti wanajiwekea mpaka wa mita 15 au 20 na hawauvuki hata mnyama akiwa mkubwa kama nyumba. Wa roda, kwa mtu aliyezoea, unakwenda mita 30 hadi 40.

Kwa hesabu hizo roda imeshinda, na ningeweza kumjibu kijana siku ile ile. Lakini kuna mambo ambayo mizani haipimi.

La kwanza ni kwamba upinde wa roda ni wa mtu mmoja. Urefu wa mvuto umefungwa na roda zenyewe. Ukifika mwisho kuna ukuta, hauendi mbele wala haukubali kuishia nyuma. Kipimo cha kuanzia ni rahisi: nyoosha mikono yote miwili kama unayetaka kumkumbatia mgeni, pima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, gawa kwa 2.5. Kijana wetu ana sentimita 175, kwa hivyo mvuto wake ni sentimita 70, inchi 27 na nusu. Upinde wa rafiki yake wa inchi 29 ungemfanya anyooshe shingo kama kasa na kukosa kila kitu. Wa mti unaweza kuupokea kwa jirani, ukauvuta unavyoweza, ukaurudisha jioni.

La pili ni matengenezo. Upinde wa mti ukikatika ugwe, unakaa chini ya mti, unaupinda kwa goti, unatia ugwe mwengine, unaendelea. Wa roda hauwezi kuufungua bila ya mashine ya kuibana mikono yake, na roda mbili lazima zigeuke kwa pamoja. Moja ikitangulia kidogo, mishale inapotoka. Columbus maduka yenye mashine hiyo yapo. Fundi baiskeli wa Darajani hana. Ongeza hewa yetu ya chumvi, skrubu na ekseli za chuma, na masika ya Machi hadi Mei ambapo hata bawaba za mlango zinaota kutu. Lakini mti nao usiusifu kupita kiasi. Upinde wangu wa mkole niliuacha umetiwa ugwe wiki mbili za mvua, nikaukuta umelegea na umebaki na kibiongo. Mti unakunywa unyevu. Upinde wa mti hufunguliwa ugwe kila unapomaliza, na hutundikwa mahali pakavu, haukai ukisimamishwa kwenye kona.

Mishale nayo ina neno. Mshale unaporushwa kwa vidole haunyooki, unapinda kama samaki anayeogelea, unauzunguka mti wa upinde kisha unajinyoosha. Ugumu wa ule ubua lazima ulingane na uzito wa upinde. Mgumu mno unakwenda upande mmoja, laini mno unakwenda upande wa pili, na mpigaji anailaumu mikono yake bure. Kwenye roda, kifyatuo kinauachia ugwe kwa usafi na mshale unapita katikati, kwa hivyo tabu hiyo imepungua. Ila mishale ya kaboni inayotumika sana siku hizi ikigonga jiwe inaweza kupata ufa usioonekana, na mshale wenye ufa ukirushwa tena hupasuka na kumwingia mtu mkononi. Ohio wana udongo na majani. Kwenye maweni yetu ya Jambiani na Muyuni, ambako ardhi yote ni mwamba wa matumbawe ya kale, kila mshale uliokosa ungerudi nyumbani ni wa kutupwa.

La tatu ndilo zito, nalo ni saa za mazoezi. Wa roda una pini, kitundu na kifyatuo; mtu mwenye mwalimu mzuri anaweza kupiga vizuri kwenye mita 20 baada ya wiki chache. Wa mti hauna kitu cha kuchungulia. Unatazama mahali, na mkono unajua, kama mpishi anavyojua chumvi. Mkono huo haununuliwi. Unataka mishale kadhaa karibu kila siku, mwezi baada ya mwezi, na ukiacha unasahau. Kijana anafanya kazi ghalani zamu ya usiku na ana watoto wawili wadogo. Nilimuuliza kwa wiki atapata saa ngapi. Akasema mbili, labda.

Swali alilolisisitiza zaidi lakini lilikuwa la halali. Atakula nyama hii na wanawe. Je, upinde wa mashine una hukumu nyengine? Hauna. Hukumu haiangalii roda, inaangalia kilichomuua mnyama. Mafundisho yanayotajwa hapa ni yale ya hadithi ya Adiy bin Hatim: kilichochomwa kwa makali kinaliwa, kilichouawa kwa kugongwa na ubapa hakiliwi. Bismillahi inasemwa wakati wa kuuachia mshale. Ukimfikia mnyama angali hai, unamchinja. Ukimkuta amefia majini, unamwacha, kwani hujui kama ni mshale au ni maji. Yaliyobaki amuulize sheikh wa huko, si ami yake mwalimu wa fizikia.

Lakini fizikia na fikihi zinakutana kwenye chembe, yaani ncha ya chuma ya mshale. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Unaua kwa kukata na kumwaga damu, na kwa hivyo ukali wa chembe una thamani kuliko ratili tano za ziada. Zipo chembe zenye visu vilivyofichwa ambavyo hufunguka zinapogonga. Zinakula sehemu ya nguvu ili zifunguke, na upinde wa mti hauna ya kugawa. Kwake inafaa chembe isiyobadilika, ya makali mawili, na mshale mzito, maana mzito unachukua nguvu zaidi kutoka kwenye upinde na unaendelea kupenya. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, na Wawaata wa Kenya waliokuwa wakiwinda ndovu, hawakutegemea ukali peke yake. Walitia sumu, na msunguti ni mmoja wa miti iliyotumika sana Afrika Mashariki kwa kazi hiyo. Kwa Muislamu njia hiyo imefungwa: sumu ikishirikiana na mshale kumuua mnyama, uhalali wake umekwenda.

Baada ya kunisikia nikizungumza haya barazani, vijana wawili wa hapa waliniuliza kama nao wanaweza kuagizia. Kucheza shabaha ni jambo jengine, na ni mchezo mzuri. Upinde wa roda utaingia Olimpiki ya Los Angeles 2028 kwa timu ya mchanganyiko wa mwanamme na mwanamke. Kuwinda ni habari nyengine kabisa. Zanzibar ina Sheria Namba 10 ya 1996 ya misitu na uhifadhi, tofauti na Sheria ya Wanyamapori Namba 5 ya 2009 ya Bara, na usasi unataka kibali. Kenya walipiga marufuku uwindaji tangu 1977. Na tuna wanyama gani wa kupiga? Paa nunga haonekani duniani ila hapa Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya; wengine ilibidi wahamishiwe Chumbe na Mnemba ili kizazi chao kisipotee. Kima punju asili yake ni Unguja tu. Anabaki nguruwe anayefukua mihogo ya watu, naye hutoka usiku, ndani ya kichaka ambacho mita kumi ni mbali, na upinde wa sentimita 160 utanasa kwenye kila mwiba. Hapo mbwa na mkuki wa babu bado vina hoja.

Kijana nilimwambia achukue wa roda, wa ratili 50, haina haja ya 60 kwa kulungu. Yapo majimbo ya Marekani yanayokubali kuanzia ratili 40. Nikamsisitizia asitoke dukani kabla hawajaupima na mkono wake, na fedha atakazookoa kwa kutonunua uliopanda bei azitie kwenye chembe nzuri na jiwe la kunolea. Alikubali, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeozwa mke wa shauri la wazee. Miezi minne baadaye akaniletea picha: wa roda uko ndani ya sanduku lake, na ukutani, juu ya vitanda vya watoto, umetundikwa ule wa mti, umefunguliwa ugwe.

Mizani nimeirudisha kwa muuza pweza. Anasema tangu siku ile inasoma robo kilo zaidi, na bado hajaamua kama anidai fidia au anishukuru.